Kirusi Kisichovaa Koti

Desemba 2024 Idara ya Afya ya Minnesota ilihesabu milipuko zaidi ya 40 ya norovirusi, karibu mara mbili ya ile iliyozoeleka kwa mwezi huo. Ugonjwa huu hauna staha. Mtu anaamka usiku wa manane akitapika, alfajiri inamkuta chooni, na siku ya tatu amesimama tena kana kwamba hakuna lililotokea, ila sasa waliolala ni watoto, shemeji, na mgeni aliyekuja kumjulia hali. Kila mwaka watu kati ya milioni 19 na 21 huupata hapa Marekani. Wengi hupona kwa kunywa maji na kuvumilia. Takriban 900 hufa, na wengi wa hao ni wazee.

Ninaishi Plymouth, mji wa watu wapatao 80,000 magharibi ya Minneapolis, na kazi yangu ni kuzuia maambukizi katika makao ya wazee. Hapa sanitaiza imetapakaa: mlangoni mwa duka, kwenye mapokezi ya zahanati, kanisani karibu na sahani ya sadaka, msikitini karibu na rafu ya viatu, ndani ya mkoba wa kila mama mwenye mtoto wa chekechea. Ilikuja na Covid mwaka 2020 ikakaa, na wengi wetu tukafuta hatua moja katika maisha yetu, ile ya kulitafuta bomba. Tabia hiyo ina faida zake, nami sitaki iachwe. Lakini mbele ya kirusi kinachotuangusha kila majira ya baridi, kupaka sanitaiza ni karibu na kutofanya kitu, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa ukiielewa hutahitaji bango la kukukumbusha.

Kwa mtu anayeshughulika na mikono, virusi vyote vinagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza limevaa koti. Kirusi cha influenza kinapotoka kwenye seli iliyokizalisha hujifunika kipande cha utando wa seli hiyo, utando laini wa mafuta, na ndani ya utando huo ndimo zilimochomekwa protini kinazozitumia kushika seli inayofuata. Virusi vya korona, vya surua, vya UKIMWI na vya Ebola vimo humu. Koti hilo ndilo linalovifikisha, na ndilo udhaifu wao, maana mafuta hayastahimili sabuni wala spiriti. Koti likiraruka, protini za kushikia hutawanyika nalo, na kinachobaki hakiwezi kuingia popote.

Kundi la pili halina koti kabisa. Norovirusi, rotavirusi, polio, homa ya ini ya aina A, adenovirusi na virusi vya rino vinavyoleta mafua ya kawaida: hivi vyote ni ganda gumu la protini lililofunga chembe za urithi ndani yake, basi. Mtu angedhani kisicho na koti ndicho dhaifu. Kumbe ni kinyume. Fikiria njia ambayo norovirusi hupita: mdomoni, kwenye asidi ya tumbo, kisha kwenye utumbo ambako nyongo inamiminwa ili kuvunja mafuta ya chakula. Nyongo huvunja mafuta kwa mbinu ile ile ya sabuni. Kirusi chenye koti la mafuta kingevuliwa humo mara moja, na ndiyo maana wasafiri wakubwa wa njia ya tumbo huwa hawana koti. Walioweza kupita kwenye nyongo wakiwa hai hawatishwi na tone la jeli. Tena watafiti wa Houston walipofanikiwa mwaka 2016, baada ya miaka karibu hamsini ya watu kujaribu, kukuza norovirusi ya binadamu katika maabara, baadhi ya aina zake hazikukubali kukua mpaka zilipoongezewa nyongo. Kile kinachokiua kirusi kingine, hiki kinakihitaji ili kistawi.

Basi sabuni inafanya kazi mbili tofauti kwa virusi viwili tofauti. Kile chenye koti inakivua. Kile kisicho na koti haikiui, inakibandua tu: inalegeza mafuta ya ngozi na uchafu vilivyokishikilia, viganja vikisuguana vinakisukuma, na maji yanayotiririka yanakiteremsha. Hapo utaona kwa nini kusugua ni muhimu, kwa nini maji yatiririke, na kwa nini kukausha ni sehemu ya kunawa, kwa sababu mkono wenye maji huhamisha vijidudu vingi kuliko mkono mkavu. Sanitaiza hailegezi wala haiteremshi. Inakauka palepale, na kilichokuwapo kinabaki palepale.

Kuna jaribio moja lililochapishwa mwaka 2010 ambalo natamani lingebandikwa katika kila chumba cha wafanyakazi. Watafiti wa Marekani walipaka norovirusi kwenye ncha za vidole vya watu waliojitolea, kisha wakalinganisha njia tatu za kusafisha. Matokeo yao yametolewa kwa lugha ya kihesabu, nami nitayageuza kwa mfano wa kidole kilichobeba virusi 1,000. Sanitaiza yenye spiriti ya asilimia 62 iliacha kati ya virusi 460 na 720. Sabuni ya maji iliacha kati ya 60 na 215. Maji matupu, bila sabuni, yaliacha kati ya 25 na 265. Soma tena tarakimu za mwisho. Kusuuza kwa maji peke yake kuliishinda sanitaiza kwa mbali, na kukashindana na sabuni bega kwa bega.

Sisemi utupe sabuni. Vidole vya jaribio vilikuwa safi kabla ya kupakwa, na vidole vya maisha vina mafuta ya kupikia, losheni na mengine nisiyoyataja. Kuna jambo jingine la kuzingatia: kipimo kile kilihesabu chembe za urithi, hivyo kirusi kilichokufa lakini kikabaki kidoleni kilihesabiwa pia. Hoja hiyo ilikuwa na uzito mpaka maabara zilipopata njia ya kukikuza kirusi chenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa walijaribu spiriti upya kwa njia hiyo, na spiriti ya asilimia 70 ikapunguza virusi bila kuvimaliza. Klorini, hata kwa kiwango kidogo, ilivimaliza.

Kubaki kwa virusi mia nne kidoleni si jambo dogo, kwa kuwa makadirio yanasema virusi visivyofika ishirini vinatosha kumwangusha mtu. Mgonjwa hutoa mabilioni ya virusi kwa gramu moja ya kinyesi, na anaendelea kuvitoa kwa wiki mbili au zaidi baada ya kujiona amepona. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2004 kwamba kidole kilichochafuka kinaweza kuambukiza sehemu saba safi mfululizo: kitasa, swichi ya taa, simu, na kuendelea.

Sasa tuje kazini. Waafrika Mashariki wengi wa Minnesota, wawe Wakenya wa Brooklyn Park na Plymouth, Wasomali wa Cedar-Riverside au Waoromo wa Saint Paul, wanalipwa kwa kutunza miili ya watu wengine. Ndio wauguzi wasaidizi wa zamu ya usiku, wahudumu wa nyumba za watu wenye ulemavu, dada na kaka wanaogeuza wazee vitandani saa tisa za usiku huku theluji ikianguka nje. Mikono inayozungumziwa katika takwimu hizi ni mikono yetu. Na katika makao hayo sanitaiza iko ukutani kila baada ya hatua chache, wakati bomba mara nyingi liko ndani ya choo cha mkazi au mwisho wa ukumbi.

Utafiti mmoja uliofanywa kaskazini mwa New England katika baridi ya 2006 kuelekea 2007 uliyauliza makao ya wazee wafanyakazi wao wanatumia nini zaidi kila siku. Makao ambayo sanitaiza ilitumika sawa na sabuni, au kuipita, yalikuwa na uwezekano wa kupata mlipuko wa norovirusi mara sita hivi kuliko yale yaliyopendelea sabuni. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo. Huenda makao yenye sanitaiza nyingi yalikuwa pia na wafanyakazi wachache wenye haraka. Mimi nadhani hilo lenyewe ndilo jibu. Sanitaiza ilipendwa kwa sababu inachukua sekunde chache na unaipaka ukitembea. Kunawa kwa sabuni, ukihesabu kwenda bombani, kusugua sekunde 20, kusuuza na kukausha, ni kama dakika nzima. Mwenye wazee kumi na wawili katika zamu moja hana dakika hizo, na aliyepanga zamu anajua.

Kwa hiyo nisomeke vizuri. Katika kazi nyingi za hospitali, sanitaiza ndiyo chaguo bora, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 inasema hivyo bila kigugumizi. Didier Pittet na wenzake wa Geneva walionyesha mwaka 2000 kwamba ilipowekwa karibu na kitanda, usafi wa mikono wa wahudumu ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka. Influenza, korona, bakteria wengi: tumia sanitaiza, na iwe na spiriti ya asilimia 60 au zaidi. Lakini ukimbadilisha mtu nepi, ukisafisha matapishi, ukitoka chooni, ukienda kushika chakula, au nyumba nzima ikiwa imeanza kuhara, nenda bombani. Glavu hazikuondolei safari hiyo. Wengi hujichafua vidole wakati wa kuzivua, na baadhi zina vitundu visivyoonekana kwa macho.

Kuna kikwazo cha baridi ambacho maandishi ya joto la Mombasa hayakijui. Januari, nyuzi zikiwa 20 chini ya sifuri nje na hita ikikausha hewa ndani, mikono ya mhudumu hupasuka mpaka damu. Sabuni inachoma. Mtu anaanza kuikwepa, si kwa uvivu, na ngozi iliyopasuka nayo huwapa vijidudu mahali pa kujificha. Ajabu ni kwamba sanitaiza nzuri, kwa sababu ina gliserini, huiumiza ngozi kidogo kuliko kunawa mara arobaini. Inauma tu pale penye mpasuko. Ndiyo maana napendekeza sabuni ibakizwe kwa nyakati zile nilizozitaja, maji yawe vuguvugu au hata baridi kwa kuwa moto wa maji hauongezi usafi, mikono ikaushwe kwa kugonga-gonga wala si kwa kusugua, na mafuta mazito yapakwe mwisho wa zamu. Anayetumia glavu za mpira wa asili asipake mafuta ya petroli kabla ya kuzivaa, maana huzidhoofisha.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu Minnesota ina kisa chake cha sabuni. Kwa miaka mingi maduka yaliuza sabuni iliyoandikwa kuwa inaua bakteria, ikiwa na triklosani ndani yake. Triklosani huzuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kutengeneza mafuta yao. Kirusi hakina kimeng'enya hicho, kwa hiyo mbele ya virusi sabuni ile ilikuwa sabuni ya kawaida kwa bei ya juu. Wakati huohuo William Arnold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wakichimba matope ya ziwa Pepin, pale mto Mississippi unapopanuka, wakakuta kemikali za jamii ya dioksini zilizotokana na triklosani zikiongezeka mwaka baada ya mwaka. Mei 2014 Gavana Mark Dayton alitia saini sheria ya kuipiga marufuku katika bidhaa za kunawia kuanzia Januari 2017, na Minnesota ikawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Serikali kuu ilifuata Septemba 2016 kwa kuziondoa kemikali 19, triklosani ikiwamo, katika sabuni za nyumbani. Ukiona mtu bado anatafuta sabuni ya kuua vijidudu kwa asilimia kadhaa, mpe kipande chochote cha sabuni ya kufulia. Kitafanya kazi.

Nyumbani kwetu tulikuwa na desturi iliyotangulia elimu hii yote. Katika pwani ya Waswahili mgeni hakaribishwi kwenye sinia kabla mtoto wa nyumba hajapita na birika na beseni, akammiminia maji na kupokea yanayoanguka. Maji yanatiririka, kila mtu anapata yake, na machafu hayarudi. Tofauti ya birika na beseni la pamoja ni kubwa: katika beseni ambalo kila mtu anatumbukiza vidole, wa kwanza anamwachia wa pili, wa pili anamwachia wa kumi. Sasa tukifanya sherehe ya mahafali au matanga katika ukumbi wa kukodi hapa Plymouth, tunaweka chupa ya sanitaiza pembeni ya chapati, watu mia wanapaka na kumega ugali kwa mkono. Mkono unaokula nyama ya kukaanga na pilau huwa na mafuta, na mafuta ndiyo yanayokificha kirusi kisifikiwe hata na spiriti kidogo inayopakwa. Watu wazima wawili wenye birika, beseni na sabuni mlangoni wangeondoa hatari kubwa. Kama hilo linaonekana la kizamani, basi chakula kipakuliwe na mtu mmoja kwa kijiko, na huyo mmoja asiwe aliyekuwa akitapika jana.

Neno moja kwa wanaotumia maji chooni, Waislamu na wengine. Njia hiyo inausafisha mwili vizuri, lakini mkono uliofanya kazi hiyo umeigusa njia yenyewe ya virusi visivyo na koti. Sabuni ni lazima hapo. Kusuuza mikono kwenye udhu baadaye kunasaidia, na jaribio la 2010 linaonyesha kwamba maji matupu yana nguvu, ila kati ya choo na udhu kuna vitasa vya milango.

Je, kufundisha watu kunawa kunatosha? Hapa lazima nitaje matokeo ambayo wenzangu wengi huyapita kimyakimya. Huko Karachi, katika mitaa ya watu maskini, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uligawa sabuni bure na kutembelea nyumba kila wiki. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa karibu nusu, na homa ya mapafu kwa walio chini ya miaka mitano ikapungua kwa nusu. Tena sabuni ya kawaida na ile ya kuua bakteria zilitoa matokeo sawa. Sote tulishangilia. Kisha ikaja Kenya magharibi. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, wajawazito zaidi ya 8,000 waliandikishwa katika jaribio kubwa la maji, vyoo na kunawa, na matokeo yalipotoka mwaka 2018 kunawa hakukupunguza kuhara kwa watoto hata kidogo. Jaribio pacha la Bangladesh, kwa mpango uleule, lilipunguza.

Tofauti iliyo wazi zaidi ni ya watu waliopita nyumba kwa nyumba. Bangladesh mhamasishaji alifika mara kadhaa kwa mwezi. Kenya alifika kama mara moja, na mwaka wa pili nyumba zenye maji na sabuni mahali pa kunawia zilikuwa zimepungua mno. Vibuyu chirizi vilikuwapo, vile vidumu vinavyoinamishwa kwa kamba na mguu, lakini mtu wa kuchota maji ya kuvijaza kila siku alikuwa mama yuleyule mwenye kuni, shamba na mtoto mgongoni. Mwaka 2020, Covid ilipoingia, mvulana wa miaka tisa huko Bungoma alijitengenezea mashine ya mbao ya kunawia na Rais akampa nishani. Alistahili. Ila mashine haijawahi kuwa tatizo Bungoma. Maji ya kuijaza ndiyo tatizo, pamoja na bei ya kipande cha sabuni na dakika za mama. Dakika hizohizo anazozikosa mhudumu wa Plymouth, ambaye bomba analo na sabuni amenunuliwa.

Kunawa kuna mipaka pia, na mtu wa taaluma yangu anayeificha anaharibu imani ya watu. Muhtasari wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta usafi wa mikono ukipunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa kadiri ya asilimia 14: faida ya kweli, lakini ndogo, kwa sababu influenza na korona husafiri zaidi kwa pumzi. Mwanzoni mwa Covid tulisugua mifuko ya sokoni na kufunga madirisha, ilhali tungeyafungua. Surua ndiyo mfano mkali zaidi. Mwaka 2017 Minnesota ilikuwa na wagonjwa 75 wa surua, wengi wao watoto wenye asili ya Kisomali ambao hawakuchanjwa, na karibu wote katika kaunti yetu hii ya Hennepin. Kirusi cha surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Unaweza kunawa mpaka ngozi itoke. Bila chanjo karibu hakika utaipata. Rotavirusi nayo, ijapokuwa ni ya mikono na vinyesi, ilikuwa inampata karibu kila mtoto wa Marekani kabla ya chanjo, katika nyumba zenye mabomba mawili mawili. Tanzania ilianza kutoa chanjo yake mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi ambayo sabuni peke yake isingeiweza.

Upande mwingine uko Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020, wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kila mlango wa Beni, Butembo na Goma ulikuwa na ndoo ya maji yenye klorini ya asilimia 0.05. Kwa kirusi chenye koti, ndoo hiyo, au sabuni, au spiriti, yoyote ilitosha. Yaliyorefusha mlipuko ule yalikuwa risasi na kutoaminiana.

Ukirudi kwa norovirusi, mikono haitoshi kama sakafu haijasafishwa. Matapishi hurusha matone mita kadhaa. Kinachokiua kirusi ni klorini: vijiko vikubwa 5 hadi 25 vya dawa ya kung'arisha nguo ya Marekani katika galoni moja ya maji, iachwe juu ya sakafu angalau dakika tano. Dawa ya huku ina nguvu ya asilimia 5 hadi 8. Jik ya Nairobi kwa kawaida haifiki asilimia 4, kwa hiyo anayemtumia dada yake kipimo hiki amwambie aongeze. Isipakwe mikononi, wala isichanganywe na dawa yenye amonia.

Na hata hayo yote yakifanyika, mkono salama kuliko yote ni ule uliobaki nyumbani. Ushauri wa kitaifa ni kwamba anayeshika chakula au kutunza wagonjwa akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu alipoacha kutapika na kuhara. Tupige hesabu. Siku mbili za kuugua na mbili za kungoja ni zamu nne, saa 32. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, hata akiwa wa muda mfupi maadamu atafikisha saa 80 kwa mwaka kwa mwajiri huyo. Ni sheria nzuri, na wengi wetu hatujui kwamba inatuhusu. Lakini ili kuzipata saa 32 lazima uwe umefanya kazi saa 960, yaani wiki 24 za saa arobaini. Dada aliyeajiriwa mwanzoni mwa Oktoba, akiugua katikati ya Desemba pale milipuko inapopanda, ana saa 13 hivi mfukoni. Akiwa na kazi mbili, kama walivyo wengi, kila mwajiri anahesabu peke yake, na saa za huku hazilipi zamu ya kule. Atarudi kazini siku ya pili, tumbo limetulia, mikono imepakwa sanitaiza. Sheria inamruhusu mwajiri kuzitoa saa zote mapema, tangu siku ya kwanza ya kazi, badala ya kumngoja mfanyakazi azikusanye moja moja.